Hakukuwa na dhoruba: mtunzi na mwandishi wa habari hawafanyi kazi moja

Mwaka 1955 baharia mmoja wa jeshi la maji la Colombia aliingia katika ofisi za gazeti la El Espectador mjini Bogotá akitaka kuuza kisa chake. Alikuwa ameelea baharini siku 10 juu ya chelezo, bila chakula. Kufikia siku hiyo alikuwa shujaa wa taifa. Redio zilikuwa zimemsimulia hadi zikachoka, na tayari alikuwa ametumika kutangaza saa na viatu. Habari ilikuwa imepoa. Hata hivyo mhariri alimkabidhi kwa Gabriel García Márquez, wakati huo mwandishi wa kawaida gazetini, bado hajawa mtunzi mashuhuri wa riwaya, na wawili hao wakaketi vikao 20, kila kimoja saa sita.

García Márquez alimtegea maswali ya mtego ili amnase kwenye mkanganyiko. Kisha akamwomba aeleze ile dhoruba iliyowatupa baharini mabaharia wanane. Baharia akatabasamu, akasema hakukuwa na dhoruba. Bahari ilichafuka kidogo kwa upepo, meli ikalala upande, na mizigo iliyofungwa sitahani ikakatika na kuwasomba watu. Mizigo yenyewe ilikuwa majokofu, televisheni na mashine za kufulia, bidhaa za magendo juu ya manowari ya serikali. Gazeti lilichapisha kisa hicho kwa sehemu 14. Serikali ilipokanusha, waandishi wakawasaka mabaharia wengine waliokuwa na kamera safarini, wakapata picha ambazo makasha yalionekana nyuma ya vijana waliokuwa wakijipiga picha za ukumbusho.

Nakirejea kisa hiki kila ninaposikia mtu akisema kwamba tofauti ya kazi hizi mbili ni kwamba mwandishi wa habari anaandika ya kweli na mtunzi anaandika ya uongo. Si kwamba kauli hiyo ina makosa, ila haisaidii. Haimwelezi mtu aliye mezani, kalamu mkononi, afanye nini tofauti. Mtunzi yeyote mwenye akili timamu angeitaka ile dhoruba, maana ni kubwa, ni ya kale na inaanzisha riwaya yenyewe. Mwandishi wa habari naye aliingia kikaoni akiitarajia, kwa sababu nchi nzima ilishaambiwa ipo. Alichokuwa nacho cha zaidi ni wajibu wa kuuliza jambo ambalo kila mtu alidhani analijua, kisha kukubali jibu lililomharibia picha aliyokuwa nayo kichwani.

Kwa hiyo nitaiweka tofauti mahali pengine: kwenye pengo. Kila anayeandika, awe wa gazeti au wa riwaya, hufika mahali asipojua kilichotokea. Mwandishi wa habari akifika hapo hupiga simu, hurudi eneo la tukio, huomba nyaraka, na vyote vikishindikana humwambia msomaji kwamba jambo hilo halijulikani au huliacha. Mtunzi akifika hapo ndipo kazi yake inapoanza.

Lugha haiwatenganishi. Ernest Hemingway alianzia Kansas City Star mwaka 1917, gazeti lililokuwa na karatasi ya kanuni zilizotaka sentensi fupi na aya fupi za mwanzo, na kanuni hizo alikwenda nazo hadi kwenye riwaya. Kwetu Muhammed Said Abdulla alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima kwa miaka kadhaa huku akimlea mpelelezi wake wa kubuni, Bwana Msa, vitabuni. Ken Walibora alisoma habari kwenye televisheni na riwaya zake zikasomwa madarasani. Mtu mmoja anaweza kuzifanya kazi zote mbili, tena kwa sauti ileile. Asichoweza ni kuzifanya zote mbili ndani ya sentensi moja.

Tuchukue mfano wa kubuni, tuutazame kwa karibu. Ghala limeungua usiku na mlinzi amefariki. Jirani anamwambia mwandishi kwamba marehemu alikutwa ameshika funguo mkononi. Ni jambo dogo, lakini limebeba kila kitu: mtu alikuwa na funguo na hakutoka. Mwandishi mchanga atakimbilia kuliweka kwenye aya ya kwanza. Mhariri aliyekomaa atauliza: nani aliziona? Jirani mwenyewe, au alisimuliwa? Zimamoto wanasemaje? Zilikuwa funguo za mlango upi? Baada ya simu tatu huenda ikabainika kwamba jirani alifika mwili ukiwa umeshaondolewa, kwamba funguo zilikuwa mfukoni, na kwamba ni za nyumbani kwa marehemu. Habari imepoa. Na haina budi kupoa, kwa sababu mjane ataisoma, mwenye ghala ataisoma, na mwendesha mashtaka pia huenda akaisoma.

Mtunzi hana simu ya kupiga. Funguo ziko mkononi kwa kuwa yeye ndiye aliyeziweka. Lakini tangu hapo ana deni. Kwa nini mlinzi hakufungua? Alikuwa amelewa, alikuwa anamngoja mtu, au mlango ulifungwa kwa nje? Jibu lolote atakalolichagua litamlazimisha kurudi nyuma arekebishe sura ya kwanza, ampe mlinzi ndugu, au uadui, au kilema cha jicho. Akizisahau funguo zile, msomaji hatazisahau. Katika riwaya ya upelelezi, ambayo ndiyo aina yenye kanuni kali kuliko zote, kitu kilichotajwa bila kazi ni kama udanganyifu. Katika gazeti kitu hutajwa kwa sababu kilikuwepo. Hakidaiwi maana.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaowaonea wivu watunzi kwamba wao hujiandikia tu. Ulimwengu halisi una ruhusa ya kuwa na sadfa za ajabu. Watu wawili waliopotezana utotoni wanaweza kukutana kwenye foleni ya hospitali, na mwandishi akiwa na majina yao na vyeti vyao, habari inakwenda ukurasa wa mbele. Weka sadfa hiyohiyo katika sura ya mwisho ya riwaya uone utakavyochekwa. Aliyeishuhudia haombi kuaminiwa kwa ufundi, anaonyesha vyeti. Mtunzi hana cheti chochote zaidi ya ile sentensi aliyoiandika kabla.

Sehemu ya pengo iliyo ngumu kuliko zote ni kichwa cha mtu mwingine. Mtunzi huingia humo bila kubisha hodi. Anajua bibi harusi anawaza nini, anajua mwizi anaogopa nini, na asipojua hana kitabu. Mwandishi wa habari hana mlango wa kuingilia humo. Ana maneno tu: alisema, alidai, alikumbuka kwamba, alionekana. Maneno haya huchosha, nakiri, na waandishi wengi huanza kuyaona kama vumbi la kufutwa ili habari ing'ae. "Waziri aliogopa" inasomeka vizuri kuliko "waziri aliliambia gazeti hili kwamba aliogopa". Lakini sentensi ya kwanza inadai ujuzi ambao hakuna binadamu anao juu ya mwenzake. Ya pili inamwachia msomaji nafasi ya kushuku kwamba waziri anajipamba.

John Hersey, aliyeandika kuhusu manusura sita wa bomu la Hiroshima katika toleo zima la The New Yorker la Agosti 1946, na ambaye pia alikuwa mtunzi wa riwaya aliyetuzwa, alilizungumzia jambo hili mwaka 1980 kwa namna ambayo bado sijaona inayoishinda. Kila mwandishi wa habari hupunguza, alisema. Anachagua, anakata, anaacha, na msomaji analijua hilo na anaweza kulikadiria. Tatizo ni kuongeza. Msomaji akishaanza kuhisi kwamba kitu kimeongezwa, hata kidogo, hana tena pa kusimama. Kupunguza kuna upendeleo na kunaweza kupotosha vibaya sana, hilo Hersey hakulikana. Ila ni aina nyingine ya kosa. Aliyepunguza unaweza kumdai alichoacha. Aliyeongeza humdai nini, wakati hujui kipi ni chake na kipi ni cha dunia?

Kuna waliojaribu kuficha nyongeza. Septemba 1980 The Washington Post ilichapisha habari ya mtoto wa miaka minane, Jimmy, mraibu wa heroini mwenye alama za sindano mikononi. Mji ulishtuka na polisi wakaanza kumtafuta mtoto. Hakupatikana. Aprili 1981 mwandishi wake, Janet Cooke, akapewa tuzo ya Pulitzer, na siku chache baadaye ikarudishwa, kwa kuwa Jimmy hakuwahi kuwepo. Kinachonikera hasa ni jinsi alivyogundulika. Wasifu wake ulipotangazwa pamoja na tuzo ndipo magazeti mengine yakaona elimu anayodai kuwa nayo haiendani na kumbukumbu. Habari yenyewe ilipita mezani kwa wahariri kadhaa, na ilipita kwa sababu ilikuwa nzuri.

Mwaka 2017 Claas Relotius wa jarida la Ujerumani la Der Spiegel alikwenda Fergus Falls, mji mdogo jimboni Minnesota, kueleza wapiga kura wa Donald Trump ni watu gani. Aliandika kwamba meneja wa mji huo, bado kijana, hajawahi kuiona bahari. Itazameni sentensi hiyo kwa jicho la mtunzi. Ni nzuri mno. Kwa maneno machache inamfunga mtu ndani ya bara, inaonyesha ufinyu wa dunia yake, tena bila kumtukana. Ningeiona katika riwaya ningeipigia mstari. Wakazi wawili wa Fergus Falls waliofanya subira ya kukagua makala hayo mstari kwa mstari waliikuta picha ya meneja huyo akiwa ufukweni na mpenzi wake, bahari ikiwa nyuma yao.

Der Spiegel ilikuwa na idara ya uhakiki iliyosifika ulimwenguni. Ilishindwa, na sababu yake inaeleweka: mhakiki hukagua tarehe, idadi ya wakazi, tahajia ya majina. Tukio ambalo ndani yake alikuwemo mwandishi peke yake na mtu asiyesoma Kijerumani, mhakiki atalikagua na nini? Aliyemnasa Relotius mwaka 2018 alikuwa mwandishi mwenzake, Juan Moreno, waliyepangwa kuandika naye habari ya mpaka wa Marekani na Meksiko. Moreno alikwenda Marekani, akawatafuta watu ambao mwenzake alidai ameishi nao jangwani, akawaonyesha picha yake. Hawakumtambua.

Nimewasikia watu wakisema Cooke na Relotius walikuwa watunzi waliokosea mlango, kwamba wangeandika riwaya tungewapa maua. Sidhani. Yule mtoto Jimmy, akiwa mhusika wa hadithi fupi, ni dhaifu sana. Hana utashi wowote, yupo ili tumhurumie. Nguvu yote aliyokuwa nayo ilitoka kwenye imani ya msomaji kwamba kuna mtoto wa kweli, mahali fulani mjini, usiku ule ule, anadungwa sindano. Ondoa imani hiyo, kinachobaki ni ripoti iliyotiwa chumvi. Waghushi wa habari hawaongezi sanaa kwenye uandishi wa habari. Wanakopa uaminifu uliojengwa na wenzao wanaopiga simu, kisha wanautumia kununulia athari ambayo sanaa yao isingeweza kuipata yenyewe.

Riwaya nayo hukopa, ila mkopo wake uko hadharani. Mwaka 1722 Daniel Defoe alitoa kitabu kilichojitambulisha kama kumbukumbu za mtu aliyebaki London wakati wa tauni ya 1665. Wakati wa tauni hiyo Defoe alikuwa mtoto wa kama miaka mitano. Alichofanya ni kuchukua takwimu za kweli za vifo, zilizokuwa zikitolewa kila wiki parokia kwa parokia, akampa msimulizi wa kubuni azisome kwa hofu. García Márquez aliwahi kusema kwamba katika habari jambo moja la uongo huharibu kazi nzima, na katika riwaya jambo moja la kweli huipa kazi nzima uhalali. Nusu ya pili ni Defoe mtupu. (Jina lake halikuwa kwenye jalada, na wengi walikipokea kama ushuhuda, kwa hiyo huo uhadhara ninaousifu haukuwa kamili kwake. Karne ya 18 haikuwa na mazoea yetu.)

Nusu ya kwanza ina mfano wake katika Truman Capote. Kitabu chake cha 1966 kuhusu mauaji ya familia moja ya Kansas kilitokana na utafiti wa miaka, naye alitamba kwamba kila neno ni la kweli. Kinaisha makaburini, mpelelezi akikutana na rafiki wa binti aliyeuawa, wanaongea, wanaagana. Mkutano huo haukutokea. Kwa nini mtu mwenye nyaraka rundo abuni kurasa za mwisho? Nadhani ni kwa sababu wauaji walinyongwa Aprili 1965 na kunyongwa hakumalizi kisa kwa namna inayomridhisha msomaji wa riwaya. Matukio ya kweli hayana tamati. Kesi inaahirishwa, shahidi anahama, mtuhumiwa anafia rumande, na mwandishi wa habari anafunga daftari akingoja kuitwa tena. Capote aliitaka tamati, na aliipata kwa bei ambayo bado inalipwa kila kitabu hicho kinapotajwa.

Hapo pia ndipo ilipo tofauti ambayo watu huidharau: masahihisho. Gazeti makini huwa na kona ya kuomba radhi, jina liliandikwa vibaya, cheo si hicho. Riwaya haina. Hakuna mchapishaji atakayetoa tangazo kwamba katika sura ya saba tuliandika Mwajuma alilia, ukweli ni kwamba Mwajuma hakulia. Hakuna Mwajuma wa kulalamika. Mtu aliyetajwa gazetini ana haki ya kujibu, ana wakili, ana mama anayesoma. Mhusika hana chochote kati ya hivyo, na ndiyo maana mtunzi anaweza kumtendea ukatili ambao kwa mtu wa kweli ungekuwa uhalifu.

Lakini nisiwe kama ninayeisifu kazi moja na kuiviziavizia nyingine. Kuna mapengo ambayo simu hazifiki. Baada ya Abeid Amani Karume kuuawa Zanzibar Aprili 1972, watu wengi walikamatwa na kuteswa, na habari za ndani ya magereza walimowekwa hazikuwa na chanzo ambacho gazeti lingeweza kukinukuu. Adam Shafi, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, alilichukua jambo hilo akaliandikia riwaya, Haini, iliyotoka 2003. Ndani yake anaingia katika chumba cha mahojiano ambamo mashahidi wa kweli ni wawili tu, anayepiga na anayepigwa, na mmoja wao hatasema kamwe. Riwaya haiwezi kupelekwa mahakamani kama ushahidi. Haitaji jina la aliyeshika kiboko. Inachoweza ni kumfanya msomaji akae ndani ya hofu ile kwa muda mrefu kuliko taarifa yoyote ya kurasa mbili. Shafi angeiita ripoti, kila mstari ungekuwa mzozo. Alipoiita riwaya aliachana na madai fulani, akapata mengine.

Walio kwenye vyumba vya habari na wana mswada uliofichwa kwenye kompyuta wanajua maradhi ninayotaka kuyataja. Ukurasa wa kwanza wa riwaya ya mwandishi wa habari hueleza kila kitu: jina, umri, kazi, mahali na kilichotokea, kwa mpangilio wa umuhimu, kama vile mhariri atakata mwisho. Mazoea ya miaka yamemfundisha kutomweka msomaji roho juu. Wahusika wake huzungumza sentensi kamili, kila mmoja akitoa kauli, kana kwamba wamewekewa kinasa sauti mezani. Na anaogopa kuingia kichwani mwao. Utaona ameandika "alionekana mwenye huzuni" kuhusu mtu aliyemuumba mwenyewe. Alionekana na nani? Mwambie ukweli: umo peke yako humo ndani.

Mtunzi akiajiriwa kuandika makala kwa gazeti huja na ugonjwa wa upande wa pili. Anafungua na mwanamke aliyesimama dirishani alfajiri akiwaza miaka iliyopotea. Mhariri anauliza: alikwambia kwamba alikuwa anawaza hivyo? Hapana. Ulimwona dirishani? Nilimhoji mchana. Basi aya inakwenda na maji, na mtunzi ananuna siku nzima.

Wahariri nao wana lawama yao. Siku hizi kila makala inatakiwa "isimulie", iwe na mhusika, iwe na msuko, ianzie kwenye tukio. Sina ugomvi na hilo, Hersey alifanya hivyo kabla yetu. Ugomvi wangu ni pale anayedai usimulizi wa saa 20 anapotoa nauli na muda wa saa mbili. Mwandishi aliyepewa saa mbili atapata nukuu tatu na hali ya hewa, na pengo litakalobaki ni kubwa mno kuachwa wazi mbele ya mhariri anayetaka hadithi. Atalijaza kwa kidogo kidogo: kwanza rangi ya kitenge, kisha machozi, kisha sentensi ambayo shahidi angeisema kama angeulizwa.

Kubadili jina la shahidi ili asidhurike kunaruhusiwa, mradi msomaji aambiwe hapohapo juu. Kuficha mtaa anaoishi, vilevile. Lakini kuchukua mashahidi watatu ukawafanya mtu mmoja mwenye mtoto wa yule, kovu la huyu na maneno ya yule mwingine, kisha ukampa umri, hilo nimeliona likipita chini ya kichwa cha habari mara nyingi kuliko ningependa. Mtu huyo hawezi kupigiwa simu. Anayetaka kumwandika na amwandike, apate sura zake 20 na jina zuri, na kitabu kiitwe riwaya tangu kwenye jalada.